Udongo mmoja, maabara mbili, majibu mawili: ipi inasema kweli?

Swali la msomaji: "Nilichukua udongo sehemu mbalimbali za shamba, kina cha sentimita 20, nikauchanganya kwenye ndoo moja, kisha nikaugawa na kuupeleka maabara mbili. Majibu hayafanani. Ya kwanza: pH 5.1, kaboni ogani asilimia 1.2, fosforasi 18, potasiamu 0.21, CEC 14, ushibaji wa besi asilimia 33. Ya pili: pH 4.4, mata ogani asilimia 2.1, fosforasi 8, potasiamu 82, ECEC 6.1, ushibaji wa besi asilimia 75. Ya kwanza inashauri kilo 40 za P2O5 kwa hekta, ya pili kilo 17 za P. Nataka kupanda mahindi na maharage. Niamini ipi, na istilahi hizi zina maana gani hasa? Naambatanisha kurasa zote."

Ndugu msomaji, ziamini zote mbili. Nimezipitia kurasa zako mstari kwa mstari, na sioni mahali ambapo maabara moja inaipinga nyingine. Zimepima udongo uleule na kuueleza kwa istilahi tofauti. Tatizo ni kwamba uliponiandikia ulinakili namba peke yake, ukaacha maandishi madogo yaliyo pembeni mwake. Namba ya ripoti ya udongo haisomeki bila vitu viwili: kizio chake, na njia iliyotumika kuipata. Vyote viwili vimo kwenye kurasa ulizotuma, kwa hiyo tunaweza kuzilinganisha.

Nianze na potasiamu, kwa sababu hapo ni hesabu tu. Maabara ya kwanza imetumia kizio cha cmol(+)/kg, yaani sentimoli za chaji katika kilo moja ya udongo. Ripoti za zamani huandika meq/100 g. Ukikutana nacho usihangaike, thamani ni ileile. Maabara ya pili imetumia mg/kg, miligramu kwa kilo, ambayo wengine huiita ppm. Kizio cha kwanza kinahesabu chaji, cha pili kinapima uzito. Uzito wa atomu ya potasiamu ni 39.1 na ioni yake ina chaji moja, hivyo sentimoli moja ya chaji ina uzito wa miligramu 391. Zidisha 0.21 kwa 391 utapata 82. Kwa kalsiamu ungezidisha kwa 200 na kwa magnesiamu kwa 122 hivi, kwa kuwa ioni zake zina chaji mbili mbili na uzito wa atomu hugawanywa kwa 2 kabla ya kuzidishwa.

Sasa pH, kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imeongezeka. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Ni kipimo cha logarithimu: kila hatua moja kamili ni mara 10. Kwa hiyo tofauti ya 5.1 na 4.4, kama ingetokana na udongo wenyewe, ingemaanisha kwamba tindikali katika sampuli ya pili ni mara 5 ya ile ya kwanza. Hilo lingetisha. Lakini tazama mabano: ya kwanza imeandika pH (H2O), ya pili pH (CaCl2). Moja imekoroga udongo kwenye maji, nyingine kwenye myeyusho hafifu wa kloridi ya kalsiamu. Kalsiamu ya myeyusho huo huzisukuma ioni za haidrojeni na alumini zilizong'ang'ania chembe za udongo, zikaingia majini na kuonekana kwenye mita. Ndiyo maana usomaji wa CaCl2 kwa kawaida huwa chini ya ule wa maji, mara nyingi kwa nusu hadi hatua moja. Wewe umepata 0.7. Ni kawaida kabisa.

Maabara nyingi hupenda njia ya CaCl2 kwa sababu haiyumbi sana. Kiasi cha chumvi kilichomo kwenye udongo hubadilika kwa mvua, kiangazi na mbolea, na usomaji wa maji hubadilika nacho. Hasara yake ni kwamba majedwali mengi ya mahitaji ya mazao yametungwa kwa pH ya maji. Ukichukua 4.4 yako ukailinganisha na jedwali la pH ya maji, utamwaga chokaa kuliko inavyotakiwa, na chokaa ikizidi hufungia zinki, manganizi, chuma na boroni. Mkulima anayepatwa na hilo huona majani machanga yakigeuka manjano, akadhani ni njaa ya naitrojeni, akaongeza yuria juu ya kosa la kwanza.

Kaboni ogani na mata ogani nitazipita haraka. Mata ogani ni mabaki yote ya mimea na viumbe yaliyooza na yanayoendelea kuoza, mboji ikiwemo. Kaboni ogani ni kaboni iliyo ndani ya mabaki hayo. Maabara karibu zote hupima kaboni, kisha zinazotaka kuandika mata ogani huzidisha kwa 1.724, kwa dhana ya tangu karne ya 19 kwamba asilimia 58 ya mata ogani ni kaboni. 1.2 mara 1.724 ni 2.07, maabara yako ya pili imeandika 2.1. Binafsi napendelea ripoti inayotoa kaboni, maana ndiyo iliyopimwa kweli, na kwa udongo mwingi kizidisho sahihi kinakaribia 2. Jambo moja la kuangalia ni njia. Ile ya Walkley na Black, ya mwaka 1934, hutumia dikromati, na dikromati haiunguzi kaboni yote. Hukamata takriban asilimia 77, ndipo maabara huzidisha kwa 1.3 kufidia. Mashine za kuunguza sampuli kavu hukamata yote. Ukihama kutoka njia moja kwenda nyingine, unaweza kuona kaboni "ikipanda" bila shamba kubadilika.

Naitrojeni jumla ripoti zote mbili zimeandika asilimia 0.10, nawe hukuiuliza, ila nakuomba usidanganyike nayo. Hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa takriban kilo milioni 2.6, hivyo asilimia 0.10 ni kilo 2,600 za naitrojeni. Ni nyingi, lakini karibu yote imefungwa ndani ya mata ogani. Vijidudu huifungua asilimia 1 hadi 3 hivi kwa mwaka, na hiyo tu ndiyo mahindi yako yatakayoiona: kilo 26 hadi 78. Uwiano wako wa kaboni kwa naitrojeni ni 12, uwiano mzuri wa udongo uliotulia. Ukifukia mabua makavu ya nafaka, ambayo uwiano wake unaweza kufika 80, vijidudu vitakopa naitrojeni ya udongo ili viyaozeshe, na mimea itaona njaa kwa majuma kadhaa katikati ya hiyo akiba kubwa.

Kwenye fosforasi nitakaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo wakulima wengi hupoteza mbolea.

Ripoti inaposema "fosforasi inayopatikana", hakuna maabara iliyoihesabu fosforasi ambayo mmea utaichukua. Jumla ya fosforasi ya udongo huwa mamia ya miligramu kwa kilo, nyingi ikiwa imefungwa na chuma, alumini au kalsiamu. Iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo kwa wakati wowote ni chembe ndogo mno. Maabara humwaga kimiminika cha kemikali juu ya udongo, hutikisa kwa muda maalumu, huchuja, kisha hupima kilichotoka. Kinachotoka hutegemea kimiminika kilichoingia. Namba hiyo ni kiashiria, na hupata maana pale tu inapolinganishwa na majaribio ya shambani yaliyotumia kimiminika hichohicho.

Maabara yako ya kwanza imetumia njia ya Bray 1, iliyotangazwa na Bray na Kurtz mwaka 1945: asidi hafifu yenye floridi. Floridi huishika alumini kwa nguvu, na fosforasi iliyokuwa imefungwa na alumini hiyo huachiliwa. Imetungwa kwa ajili ya udongo wenye tindikali kama wako. Maabara ya pili imetumia njia ya Olsen, ya mwaka 1954: bikaboneti ya sodiamu yenye pH 8.5. Hiyo ilitungwa kwa udongo wenye kalsiamu kaboneti nyingi, ingawa maabara nyingi huitumia kwa udongo wa kila namna, na hata penye tindikali hutoa kiashiria kinachofaa. Kinyume chake hakikubaliki: asidi ya Bray ikimwagwa kwenye udongo wenye kaboneti nyingi, kaboneti huimaliza nguvu kabla haijafanya kazi, na namba inayotoka haifai kitu. Utakutana pia na Mehlich 3, ya mwaka 1984, ambayo wengi wameipenda kwa sababu kimiminika kimoja hutoa fosforasi, potasiamu, kalsiamu na madini mengine kwa mkupuo.

Je, 18 ya Bray ni sawa na 8 ya Olsen? Hakuna kizidisho cha kudumu cha kugeuza moja kuwa nyingine, na mtu akikupa kimoja usikitumie. Uhusiano wao hubadilika kutoka udongo mmoja hadi mwingine. Unachoweza kufanya ni kusoma kila moja kwa jedwali lake. Miongozo mingi huweka mpaka wa Bray 1 kati ya 15 na 20, na wa Olsen karibu na 10. Kwa hiyo zote mbili zinakwambia uko mpakani: fosforasi yako haijafikia hali mbaya, ila zao litaitikia ukiongeza kiasi. Ndiyo maana mapendekezo yao yanafanana, hata kama wewe umeyaona yakipingana.

Ndiyo, yanafanana. Mifuko ya mbolea huandika fosforasi kama P2O5 na potasiamu kama K2O, desturi iliyobaki kutoka karne ya 19, wakati wakemia walipokuwa wakiandika matokeo ya uchambuzi wa majivu na miamba kwa sura ya oksaidi. Ndani ya mfuko hakuna P2O5 hata punje; ni lugha ya hesabu tu. Kupata fosforasi halisi zidisha P2O5 kwa 0.436, kupata potasiamu halisi zidisha K2O kwa 0.83. Kilo 40 za P2O5 mara 0.436 ni kilo 17.4 za P. Maabara ya kwanza imekuandikia kwa lugha ya mfuko, ya pili kwa lugha ya kemia. Hatari iko hapa: ukichukua 17 ya maabara ya pili ukaitafuta kwenye mfuko ulioandikwa asilimia 46, utaweka kilo 37 za mbolea badala ya 87, yaani chini ya nusu ya ulichoshauriwa, na mwisho wa msimu utailaumu mbolea.

Sasa CEC, istilahi inayoogopwa kuliko zote, na kwa udongo wako ndiyo yenye habari nzito. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi juu ya uso wake. Chaji hasi huvuta ioni chanya, yaani kationi: kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, sodiamu, amonia, na pia haidrojeni na alumini. Ioni hizo hazikugandiana na chembe moja kwa moja. Hubadilishana nafasi na zile zilizo majini. Mwingereza J. Thomas Way alilieleza jambo hili mwaka 1850, baada ya kuona kwamba chumvi ya amonia ikipitishwa kwenye udongo, amonia hubaki na kalsiamu hutoka. CEC ni hesabu ya nafasi zote hizo za kushikilia kationi. Kwa kizio kilekile cha cmol(+)/kg, mfinyanzi wa aina ya kaolini una 3 hadi 15 tu, ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi una madini yanayofika 80 na zaidi, na mboji inaweza kupita 200. Ndiyo sababu kwenye udongo mwekundu wa kaolini, ongezeko dogo la mboji lina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Udongo wa namna hiyo una tabia nyingine: chaji yake haisimami mahali pamoja. pH ikipanda, nafasi huongezeka, ikishuka, hupungua. Maabara ya kwanza imepima CEC kwa asetati ya amonia iliyorekebishwa kuwa na pH 7. Maana yake imeuliza: udongo huu ungekuwa na pH 7, ungeshika kationi ngapi? Jibu ni 14. Maabara ya pili imejumlisha zilizopo hivi sasa, katika pH yake halisi, ikaita ECEC. Jumlisha nawe: kalsiamu 3.1, magnesiamu 1.2, potasiamu 0.21, sodiamu 0.09, hizo ni besi, jumla 4.6. Ongeza tindikali inayobadilishana, 1.5, unapata 6.1. Ushibaji wa besi ni sehemu ya nafasi zilizokaliwa na besi: 4.6 kwa 14 ni asilimia 33, 4.6 kwa 6.1 ni asilimia 75. Juu ya mstari namba ni moja. Kilichobadilika ni kigawanyo.

Kwa udongo wenye tindikali kama huu nitakuomba utumie ECEC, kwa sababu inakuonyesha kitu ambacho ripoti ya kwanza haikukigusa. Katika ile tindikali ya 1.5, alumini ni 1.2. Gawanya kwa 6.1: karibu asilimia 20 ya nafasi zako zimekaliwa na alumini. pH ya maji ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka, na alumini iliyoyeyuka hushambulia ncha za mizizi. Mizizi hudumaa, hunenepa, hukosa vijizizi, na mmea hunyauka jua likiwaka kidogo ilhali chini kuna unyevu. Mahindi mengi huvumilia kiwango hicho kwa shida kidogo. Maharage hayavumilii. Chai ingefurahi, lakini hukuniuliza chai.

Kwa hiyo kabla ya mbolea, chokaa. Kanuni inayotumika sana kwa udongo wa namna hii ni kuzidisha alumini inayobadilishana kwa 1.5 hadi 2 ili kupata sentimoli za kubatilisha. Kwa 1.2 yako hiyo ni 1.8 hadi 2.4. Kila sentimoli moja, kwa kina cha sentimita 20, inadai tani 1.3 hivi za kalsiamu kaboneti safi kwa hekta. Unapata tani 2.3 hadi 3.1, na kwa kuwa unapanda maharage ningeelekea juu. Soma lebo ya chokaa: uwezo wake wa kubatilisha tindikali hulinganishwa na kalsiamu kaboneti safi, iliyopewa 100. Dolomaiti safi ni 109, chokaa iliyozimwa kwa maji 135, chokaa hai 179. Ikiandikwa 80, ongeza kiasi kwa robo. Na iwe imesagwa laini. Punje kubwa hukaa shambani miaka bila kufanya kazi.

Wengi huuliza kama jasi inaweza kuchukua nafasi ya chokaa, maana nayo ina kalsiamu. Haiwezi kupandisha pH. Kinachoimaliza tindikali ni kaboneti au haidroksidi, kalsiamu ni abiria tu. Jasi ina kazi zake, hasa kwenye udongo uliojaa sodiamu, lakini sodiamu yako ni 0.09, na upitishaji umeme kwenye ripoti zote mbili uko chini mno kuweza kuleta shida ya chumvi. Mistari hiyo miwili usiifikirie tena.

Chokaa itangulie majuma kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo hadi kina hichohicho cha sentimita 20, na isikutane na mbolea ya amonia au yuria siku moja, la sivyo naitrojeni itapaa hewani kama gesi. Kisha fosforasi, kilo 40 za P2O5, ukiiweka kwenye mstari wa kupandia karibu na mbegu bila kuigusa. Ikitawanywa shamba zima kwenye udongo wenye tindikali, chuma na alumini huifunga haraka. Kilo 87 za DAP, mbolea ya fosfati yenye amonia, zinatosha na zitakuletea pia kilo 16 hivi za naitrojeni. Ila amonia ya DAP huongeza tindikali inapobadilika kuwa naitreti, kwa hiyo kwa upande wa maharage, ambayo hujitengenezea sehemu kubwa ya naitrojeni yake, TSP, mbolea ya fosfati isiyo na amonia, inafaa zaidi na ina asilimia 46 ileile ya P2O5.

Kwa vipimo vijavyo chagua maabara moja ubaki nayo. Kwa udongo wako ningechagua ile ya pili kwa sababu ya ECEC na alumini, nikiiomba ipime fosforasi kwa Bray 1 ikiwa inaweza. Kama haiwezi, Olsen kila mara. Chukua udongo msimu uleule na kwa kina kilekile, msimu mmoja baada ya kuweka chokaa, na uangalie kwanza mstari wa alumini. Ukiona bado iko juu ya asilimia 10 ya ECEC, niandikie tena pamoja na lebo ya chokaa uliyotumia.